Sura ya Tano: Maji Hayakutikisika

"Chef, ile mwalimu anataka kuvunja mlango."

Brigadier Mulumba aliweka kikombe cha kahawa mezani, akamfuata polisi Éphraïm nyuma ya ofisi hadi kwenye kasho, chumba cha mahabusu.

Mlango ulikuwa mzima. Kupitia nondo alimwona Malachie Kapenda, mwalimu wa shule ya Wamethodisti na sauti nzito kuliko zote katika kwaya yao, amejibandika kwenye chuma kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa ikauke. Kifua, tumbo, mapaja, shavu, vyote vilikuwa vimekazwa kwenye mlango. Hakuwa anasukuma. Alikuwa amefumba macho.

"Anafanya vile tangu asubui," alisema Éphraïm. "Nilimupiga fimbo pa vidole, hakutoka. Hakulala, chef, na hakutuacha tulale. Usiku muzima anaimba mu kifua, mm-mm-mm, kama gari yenye haitaki kuwaka."

"Fungua. Nikiingia, funga tena."

"Weye pamoja naye?"

"Funga, nimesema."

Kasho lile lilijengwa na mtu aliyeichukia hewa. Usiku wa kiangazi liligandisha mifupa, na jua likipanda bati liligeuka kikaango. Tundu moja la mwanga, dogo kuliko ngumi, lilikuwa juu ya ukuta. Kufuli iligonga nyuma ya Mulumba, naye akahisi kuta zikisogea. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mwalimu, unatafuta kutoroka?"

"Nitoroke nikwende wapi, brigadier? Kintu chenye kunifunga kiko umu." Malachie alijipiga kifuani. "Nikikimbia, nakimbia nacho."

"Alors juu ya nini unakumbatia mlango?"

"Chuma iko nguvu. Nikijikaza pale, inapunguka kiloko, kidogo tu."

"Nini inapunguka?"

Mwalimu aliushusha mkono kutoka kifuani.

"Kutetemeka."

Mulumba alimtazama mikono. Vidole vilikuwa vimetulia, vidole vya mtu anayeandika ubaoni bila kupinda mstari.

"Sioni kintu kinatetemeka."

"Njo ile! Inje hakuna kintu. Ni mu ndani. Fikiri vile: umelala juu ya reli, na treni iko mbali, haiyafika. Inaanza mu miguu, inapanda mu tumbo, inaingia mu kifua. Muchana niko na batoto ya shule, naisahau. Nikilala tu, inaamuka."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ya kwanza."

"Na dokta?"

"Dokta aliweka mupira yake pa kifua, akasikiliza, akasema, rien, hakuna kintu. Akanipa dawa ya usingizi. Nikalala. Ikanitetemesha mpaka mu ndoto." Malachie alicheka bila furaha. "Bantu banasema ni bongo, uongo ya muvivu. Mama mukwe anasema ni bibi ingine. Pastere anasema niombe. Naombaka, brigadier. Naomba na meno inagongana mu ndani, na kinywa kimefungwa."

Mulumba aligonga mlango, akaagiza maji. Éphraïm alipitisha kikombe cha bati kati ya nondo.

"Lala chali, mwalimu. Usipumue."

Aliweka kikombe juu ya tumbo la Malachie, mahali ambapo mshale wa jua kutoka tunduni ulianguka juu ya maji na kurudisha duara la mwanga kwenye paa. Kama mwili ule ungetikisika hata kwa upana wa unywele, duara lingecheza. Mulumba aliinua macho. Duara lilikaa juu ya bati kama limepigiliwa msumari.

"Iko inatetemeka sasa?"

"Iko," alisema Malachie, sauti ikitoka kwa shida. "Sana. Unaiona?"

"Hapana."

Mwalimu alifumba macho, na machozi yakashuka pembeni mpaka masikioni. Maji hayakutikisika.

Mulumba alikuwa amewahoji waongo wengi: wezi wa reli, wezi wa ng'ombe, wanaume wenye wake wawili mbele ya padri mmoja. Mwongo akiona maji yamekataa kumtetea, huyasaidia. Hukaza tumbo, huvuta pumzi, huchezesha paja. Huyu alikuwa ameyaacha maji yamshitaki. Mulumba aliliweka hilo akilini, akaondoa kikombe.

"Sasa nijibu. Juzi usiku, wakati hangari ya pamba inaungua, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natembea. Nikitembea inanipa ruhusa kiloko."

"Ulitembea wapi?"

Malachie aligeukia ukuta.

"Mwalimu, sikia muzuri. Zamu Umba, mulinzi wa hangari, aliapa mbele ya komisere: alikuona unatoka mu mlango ya hangari, uko mweupe na unga. Nyuma ya ile mlango kulikuwa mifuko ya chokaa. Na pa kola ya shati yako tulikuta unga mweupe. Komisere iko Kaniama. Anarudi leo na treni ya muchana, na ile treni inakubeba weye mpaka gereza ya Elisabethville. Pamba ya bantu yote ya kando iliungua. Unajua watakupa miaka ngapi?"

"Najua."

"Na unanyamaza?"

"Nanyamaza."

Mulumba alisimama. Aligonga mlango afunguliwe, na kwa muda ambao Éphraïm alitafuta ufunguo alisimama na paji la uso karibu na chuma kile kile, akisubiri hewa.

*

Nyumba ya mwalimu ilikuwa ya matofali, mali ya shule, imepakana na ua wa depo ya treni. Mke wake, Agar, aliketi kwenye kizingiti akishona mdomo wa kifuko cha mahindi kwa sindano kubwa. Hakuinuka.

"Kama ulikuja kupekua tena, chef, anza chini ya sufuria. Bandugu yako balisahau pale."

"Nilikuja kuuliza, mama Léa."

"Uliza. Baba Léa hakuchoma kintu. Anaogopaka hata kuwasha taa."

Mulumba alipiga magoti. Karibu na miguu ya mama huyo kulikuwa na beseni la maji ya kuoshea vyombo, na juu ya maji vilikuwa vinakimbia viduara vidogo, kimoja nyuma ya kingine, bila mtu kuligusa beseni. Aliweka kiganja chini. Udongo ulikuwa unatetemeka. Damu ilimpanda kichwani: amekipata! Ni ardhi inayomsumbua mwalimu, wala si mwili wake.

"Mama, hii nyumba inatetemeka!"

Agar alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyegundua kwamba moto unachoma.

"Ni mashine ya depo. Siku ya Mungu banaizimaka, maji inanyamaza. Baba Léa hanyamaze. Tulienda Kinkondja kwa dada yangu, pa ziwa, hakuna mashine, hakuna reli, samaki tu. Kule vilevile. Alitetemeka mpaka mu mtumbwi, na mtumbwi ulikuwa umetulia kuliko mimi."

Mulumba alijipangusa vumbi la magoti. Njia ile ilikuwa imefungwa.

"Unamusadikia?"

Sindano ilisimama hewani.

"Minyi mbele nilikataa. Niliweka mukono yangu pa kifua yake, pa miguu, usiku na usiku. Sikusikia kintu. Nikasema, huyu mwanaume ananichezea. Halafu nikaona vile anafanya. Muntu wa bongo hafanye vile pasipo kuangaliwa." Alianza kushona tena. "Aliacha kahawa. Aliacha pilipili. Nachemsha maji, anaweka miguu ndani. Napasha tofali, nafunga na kitambaa, anaikumbatia. Kintu chenye kumusaidia zaidi ni mufuko ya mahindi. Naiweka juu ya miguu yake, nzito, inamukandamiza. Hapo anasinzia. Ikikataa, anaimba ile sauti yake ya chini, anaisukuma mu kifua ipigane na ingine. Ikikataa tena, anatoka, anatembea."

"Juzi alitembea wapi?"

"Simuulizake. Akitoka nafumba macho, akirudi nafumbua."

"Mama Léa, treni inakuja."

"Chef, kama ningemuuliza angenijibu. Na nikijua, nitakaa namna gani mu mukutano ya bamama? Niimbe na uongo mu kinywa?" Alikata uzi kwa meno. "Lakini kintu kimoja nakuambia. Ile shati yenye mulibeba, niliipiga pasi mangaribi. Asubui kola ilikuwa maji. Mikono ya shati ilikuwa maji mpaka hapa." Alionyesha juu ya kiwiko.

"Mvua?"

"Mvua gani mu kiangazi? Mwezi ulikuwa pe! Ungeona sindano chini."

Mulumba alisimama. Uani kulikuwa na mndimu mdogo wenye matunda magumu.

"Nipe moja."

"Kamata. Njo hiyo polisi inakuja kutafuta kwangu, ndimu?"

*

Ofisini Mulumba alifunga mlango, akatoa shati kabatini na kuliweka mezani. Kwa ncha ya kisu alikwangua chokaa ya ukuta wa ofisi, akaiweka kwenye kisosi. Kando yake akaweka unga kidogo aliouchokoa katika mshono wa kola. Alikata ndimu, akakamua tone moja upande huu na tone moja upande ule.

Chokaa ya ukuta ilichemka, ikatoa povu. Unga wa kola ulinywa ndimu kimya, ukawa tope.

Alirudia. Povu upande huu, tope upande ule.

Alichukua tope lile na kulisugua kati ya vidole. Lilikuwa laini, lenye utelezi kama mafuta. Hakuhitaji tone la tatu. Kijijini kwao, katika familia iliyobatizwa yote mbele ya mapadri, palikuwa na donge la kitu hiki limefichwa juu ya mlango tangu dada zake mapacha walipozaliwa. Komisere angeweza kuishi hapa Kamina mpaka azikwe na asilijue. Lilikuwa mpemba, udongo mweupe ambao bilumbu, watu wa kuagua, humpaka mtu anayeguswa na pepo.

Alirudi kasho, akaketi juu ya ndoo, akamfungulia mwalimu kiganja.

"Hii haiko chokaa, mwalimu."

Malachie alitazama tope. Alijibandika tena, safari hii mgongo ukutani, mikono imepanuliwa.

"Usiandike, brigadier. Nakuomba."

"Sema mbele, kuandika ni kwa nyuma. Ulienda kwa nani?"

"Kwa Kitwa, ule kilumbu. Ng'ambo ya kijito, nyuma ya mihogo." Maneno sasa yalitoka yakikanyagana. "Nilimukuta anatengeneza pinga yake, baiskeli. Hata hakuinua kichwa. Akasema: mwalimu, nilikungoja tangu mvua ya kwanza. Akasema haiko magonjwa. Ni vidye, pepo, ananitafuta, anataka nikuwe kilumbu, nikalie mukeka, niambie bantu nani aliiba kuku! Minyi! Minyi nafundisha batoto katekisimu!"

"Na alikupaka."

"Mustari moja kutoka paji mpaka pua. Kiringo, duara ndogo, pa jicho hii, kiringo pa jicho ile. Na pa mikono, hapa na hapa. Akasema nilale nayo mpaka jua itoke. Lakini nilifika pa kijito, nikafikiri Agar ataniona vile. Nikaingia mu maji, nikanawa yote. Na nikasugua, brigadier, nikasugua sana. Pa kola sikufikiri."

"Banaenda kwa Kitwa bantu bengi hapa. Hata Bakatoliki. Unataka kuoza mu gereza juu ya mustari ya mpemba?"

Malachie alimgeukia, na kwa mara ya kwanza moto uliwaka machoni mwake.

"Weye uko Mukatoliki, unaenda kwa padri, unaungama mu giza, unatoka. Minyi kwetu batanisimamisha mbele ya kanisa nzima. Pastere alisema siku ya Pasaka: mwalimu mwenye kukamatwa kwa bilumbu, shule inamutoka, nyumba inamutoka, kwaya inamutoka. Agar na mutoto balale wapi? Na Kitwa? Serikali itamufunga kamba. Nilimufuata minyi, hakunifuata. Kwa hiyo nachagua hii." Aligusa ukuta. "Hii haina aibu."

Akili ya Mulumba ilikuwa imekwisha kuondoka mle ndani. Ilikuwa inatembea kwenye kinjia kati ya mihogo.

"Kutoka kwa Kitwa mpaka kijito, ulikutana na nani?"

"Hakuna muntu."

"Na kisha ya kijito?"

"Kisha ya kijito nilikuwa muntu mweusi kama bote."

Mulumba alisimama kwa haraka hata ndoo ikaanguka. "Éphraïm! Fungua!"

*

Umba aliketi kwenye kiti chake mbele ya hangari ambayo haikuwepo tena. Nguzo nyeusi, mabati yaliyojikunja, na harufu ya pamba iliyoungua, tamu na chungu, ikikaba koo. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, koti la kampuni limefungwa vifungo vyote.

"Brigadier! Karibu. Niko nalinda majivu, yasiibiwe."

Mulumba alicheka naye. Alizunguka katikati ya mabati, akainama, akageuza kwa mguu kitu alichokuwa amekiona tangu siku ya kwanza: mbabula, jiko la makaa la kizamu, miguu juu, ndani kabisa ya hangari, nyuma ya mahali palipokuwa mlango.

"Hii yako?"

"Yangu, ndiyo. Naikaliaka inje, pa upenu. Wazima-moto baliitupa ndani. Nilimuambia komisere."

"Eyo. Uliniambia na minyi." Mulumba alijikalisha juu ya tofali mbele yake, akapiga miayo. "Umba, kintu kimoja kinanisumbua. Komisere anakuja, ataniuliza minyi. Usiku, mbali, muntu anakimbia. Na weye unasema ulimujua uso. Minyi nafikiri ulikuwa umekunywa."

"Kukunywa? Minyi?"

"Nitamuambia vile. Zamu alikuwa na lutuku mu kichwa, aliona kivuli, akaita kivuli mwalimu."

"Brigadier, usinichafue jina!" Umba aliinuka nusu. "Mwezi ulikuwa kama muchana. Nilimuona vile nakuona weye!"

"Uliona unga. Uso hukuuona. Muntu mwenye kumwangikiwa chokaa uso wake haujulikane."

"Hakumwangikiwa! Uso ulikuwa inje, muzuri! Alikuwa na mustari tu, hapa," Umba alivuta kidole kutoka paji mpaka puani, "na macho yake yote mbili na kiringo. Na pa mikono, viringo. Mwalimu Malachie mwenyewe, na tembea yake ile ya kanisani. Sasa unasema nilikunywa?"

Mulumba alimwacha Umba asikie maneno yake mwenyewe yakitulia juu ya majivu.

Mkono wa Umba ulikuwa bado umeinuliwa, kidole puani. Ulishuka polepole.

"Mufuko ya chokaa ikipasuka," alisema Mulumba, "inachora viringo, Umba? Inapima jicho hii, inapima jicho ile?"

"Brigadier..."

"Ile haiko chokaa, na weye uko Muluba kama minyi, ulijua palepale. Muzungu alisema chokaa, weye ukasema ndiyo, bwana. Mwalimu alipakwa ng'ambo ya kijito na akanawa mu kijito. Bushiku ile, mwenye kumuona na viringo alikuwa pa kinjia ya mihogo. Ile iko ng'ambo ya kijito, mwisho mwingine wa mji. Ulikuwa unafanya nini kule, na hangari hapa, na mbabula ndani?"

Uso wa Umba ulikuwa umekauka. Kisha, pole pole, kitu kingine kilipanda juu yake, na Mulumba akakitambua: hesabu.

"Muzuri," alisema Umba kwa sauti ya chini. "Uko na akili, Mulumba. Sasa mupeleke mwalimu mbele ya komisere, aseme mwenyewe alikuwa kwa bilumbu. Atasema? Nilimuangalia namna alishuka mu maji, anajisugua kama mwizi. Ile muntu atakufa mbele ya kusema. Na asiposema, weye uko na nini? Ndimu?"

Mulumba hakuwa amemwambia habari ya ndimu. Kisha akatazama vidole vyake mwenyewe. Vilikuwa bado vinanukia. Umba alitabasamu.

Kutoka upande wa Kaniama, treni ililia.

*

Komisere alikuwa Mzungu mfupi mwenye vumbi jekundu mpaka kwenye soksi. Hakuketi. Alitaka kuoga, kula, na kumwona mfungwa ndani ya behewa kabla kichwa cha treni hakijamaliza kunywa maji.

"Dakika chache, monsieur," alisema Mulumba kwa Kifaransa. "Zamu na mwalimu wasimame pamoja mbele yako. Baada ya hapo amri ni yako."

Waliletwa. Umba alisimama wima, kofia mkononi, na utulivu wa mtu anayejua mlango umefungwa kwa ndani. Malachie alisimama karibu na ukuta, viganja vimekazwa nyuma yake kwenye matofali. Ofisi ilikuwa ndogo, hewa ya watu watano ikaijaza. Dirisha lilikuwa wazi, na kwenye baraza, hatua mbili tu kutoka dirishani, waliketi bamama wa kanisa na vitambaa vyao vyeupe kichwani, waliokuja kumuaga mwalimu wao. Katikati yao aliketi Agar na kile kifuko cha mahindi mapajani.

Mulumba angeweza kufunga dirisha. Alinyoosha mkono, akashika ubao wake. Komisere akasema kwa ukali kwamba hewa haitoshi, aache wazi.

"Muulize," alisema komisere. "Mara moja. Alikuwa wapi?"

"Mwalimu," alisema Mulumba. "Ulikuwa wapi?"

Malachie alitazama dirisha. Nje, kunong'ona kulikoma. Alitazama Umba, na Umba akamtazama kwa upole, kama rafiki. Taya la mwalimu lilikaza. Shingo yake ilitoa mishipa. Mulumba, aliyekuwa karibu naye kuliko wote, alitazama kile kifua, yale mabega, vile vidole: hakuna kilichocheza, hata kidogo, na bado alijua treni gani ilikuwa inapita mle ndani.

"Unaona?" alisema komisere. "Mfungeni."

Éphraïm alitoa kamba. Malachie aliunyoosha mkono mmoja, wa kushoto, kisha akautazama mkono wenyewe, pale juu ya kiwiko.

"Nilikuwa kwa kilumbu," alisema.

Alisema kwa sauti yake ya kwaya, ile ya chini kabisa, na sauti ile haikujua kunong'ona. Ilitoka dirishani nzima.

"Niko mugonjwa. Mu ndani ya mwili yangu muko kintu kinatetemeka, silalake. Dokta alishindwa, nikaombea nikashindwa, nikaenda kwa kilumbu. Alinipaka mpemba pa uso na pa mikono. Nikavuka kijito, nikanawa. Hangari sikuifikia. Huyu zamu, kama aliniona na mpemba, aliniona kule kwa mihogo. Aseme mwenyewe alifuata nini."

Mulumba alifasiri kwa Kifaransa, neno kwa neno, bila kupunguza. Kisha akaeleza ndimu, povu na tope, akaweka kisosi mezani. Akaeleza mstari na viringo alivyovitaja Umba mwenyewe, na mbabula ndani ya mlango. Komisere alikamua ndimu mwenyewe, mara mbili, kama mtu asiyependa kushindwa na tunda. Halafu akamgeukia Umba, akamsukumia kisosi.

Utulivu wa Umba ulimwagika wote kwa pamoja.

"Ilikuwa baridi, bwana," alisema. "Niliingiza mbabula ndani, makala ilikuwa kiloko tu. Nikaenda kukunywa lutuku kule kwa mihogo, kikombe moja. Kurudia, nikakuta mwanga mu mlango. Ningesema nini? Niko na batoto."

"Na minyi niko na mutoto," alisema Malachie.

Komisere alipangusa shingo. "Jina la huyo mganga?"

"Jina yake sitasema."

"Brigadier, unalijua?"

Mulumba alimtazama Mzungu machoni. "Hapana, monsieur."

Kamba ilifungwa kwenye mikono mingine. Stesheni kichwa cha treni kilipiga mluzi. Éphraïm alimtoa Umba kwa mlango wa nyuma, na mlango wa mbele ukabaki wazi, mweupe kwa jua, na hapakuwa na mtu wa kumzuia mwalimu kuupita.

Malachie hakutembea. Mulumba alilazimika kumshika kiwiko na kumtoa hadi barazani.

Bamama wa kanisa walikuwa wamesimama. Mmoja alivuta kanga yake karibu na miguu alipopita. Mwingine, aliyeimba naye kwaya miaka yote, aligeuza uso upande wa barabara. Hakuna aliyemsalimia. Mmoja baada ya mwingine walishuka ngazi, na habari ikashuka nao. Kabla ya magharibi ingekuwa imefika kwa pastere, na nyumba ya matofali ingekuwa si yao tena.

Agar peke yake alibaki kwenye benchi. Hapo Mulumba alielewa kwa nini kifuko kilikuwa kimeshonwa kidogo hivyo, kipana cha kutosha mapaja ya mtu mmoja aliyeketi. Alikuwa amekishona kwa ajili ya safari, ili mume wake apate uzito wa kuweka juu ya miguu katika behewa la wafungwa.

Malachie aliketi kando yake. Hakuthubutu kumtazama.

"Ulisikia," alisema.

"Nilisikia. Mji muzima ulisikia. Weye na ile sauti yako."

Aliinua kifuko kwa mikono miwili na kukiweka juu ya miguu ya mumewe, hapo barazani, mchana kweupe, mbele ya kila aliyepita. Alikikandamiza kwa viganja vyake.

"Iko inatetemeka?"

"Iko."

"Basi simama, Baba Léa," alisema Agar. "Twende itetemekee ku nyumba, kabla habayatufukuza."